Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 17: Hili ni Wahyi au ni Rai?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

  

Leo ni mwezi 17 Ramadhani, siku ya Badr. Mwaka wa 2 Hijria Waislamu mia tatu na kidogo walikutana na jeshi la Makureshi lililokaribia watu 1,000, na Allah akawapa ushindi. Habari ya vita yenyewe wengi mnaijua. Mimi leo nataka tusimame kwenye jambo moja dogo lililotokea kabla ya panga kuchomolewa.

Vitabu vya sira vinasimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alipofika Badr alipiga kambi mahali fulani. Akamjia sahaba wa Kiansari, Hubab bin Mundhir (r.a.), mtu aliyekuwa mjuzi wa mambo ya vita. Akamuuliza Mtume: je, mahali hapa umeteremshwa na Allah, kwa hiyo sisi hatuna ruhusa ya kusogea mbele wala kurudi nyuma, au ni rai na mbinu za vita? Mtume akamjibu kuwa ni rai. Basi Hubab akasema, kama ni rai, hapa si mahali pake. Tusogee mpaka kwenye maji yaliyo karibu zaidi na adui, sisi tunywe na wao wasipate. Mtume akaikubali rai yake, na jeshi likahama.

Liangalieni swali lile. Hubab hakumkosea adabu Mtume, wala imani yake haikupungua. Alitaka kujua kitu kimoja tu: hili ni wahyi au ni rai? Kama ni wahyi, tumesikia na tumetii. Kama ni rai, kuna mazungumzo. Na anayeulizwa hapa ni Mtume wa Allah, ambaye wahyi unamshukia kweli!

Sasa tujiulize. Ikiwa Mtume (s.a.w.) aliulizwa swali hilo na hakukasirika, vipi leo diwani asiulizwe? Mbunge asiulizwe? Rais asiulizwe?

*Neno "chaguo la Mungu"*

Kila msimu wa uchaguzi tunalisikia neno hili. Fulani ni chaguo la Mungu. Fulani ametumwa. Fulani amepakwa mafuta. Linasemwa kwenye majukwaa, linasemwa kwenye nyumba za ibada, na wengine wetu tunalisambaza kwenye simu bila kulifikiria. Anasemewa wa chama tawala, na anasemewa wa upinzani pia, kwa hiyo asije mtu akadhani leo nampiga jiwe wa upande fulani.

Wanaosema hivyo wana hoja yao, na tuitendee haki. Watakwambia: Sheikh, si Qur'an yenyewe inasema katika Suratu Aal Imran, aya ya 26, kuwa Allah humpa ufalme amtakaye na humnyang'anya amtakaye? Ndiyo, inasema, na sisi tunaamini hivyo bila shaka. Hakuna anayekaa kwenye kiti chochote hapa duniani ila Allah amekadiria.

Lakini hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Kukadiriwa ni jambo moja na kuridhiwa ni jambo jingine. Suratul Baqara, aya ya 258, inatueleza habari ya yule aliyebishana na Nabii Ibrahim (a.s.) kwa sababu tu Allah alimpa ufalme. Wanazuoni wa tafsiri wanamtaja kuwa ni Namrud. Alipewa ufalme na nani? Na Allah. Je, alikuwa kipenzi cha Allah? Firauni naye alijivunia ufalme wa Misri na mito inayopita chini yake, kama ilivyo katika Suratuz Zukhruf. Alipewa na nani? Na Allah huyo huyo. Mwisho wake mnaujua.

Na Suratul Fajr inatuonya waziwazi. Mwanadamu akipewa neema husema Mola wangu amenitukuza, akibanwa riziki husema Mola wangu amenidhalilisha. Allah anaikataa hesabu hiyo. Kupewa ni mtihani, na kunyimwa ni mtihani. Cheo ni karatasi ya mtihani, ndugu zangu, si cheti cha kufaulu. Sisi walimu tunajua: mtoto haanzi kusherehekea siku anapogawiwa maswali.

*Na Talut je?*

Mwanafunzi mzuri atanyoosha mkono aseme: Maalim, mbona Talut alichaguliwa na Allah kuwa mfalme wa Bani Israil? Swali zuri sana. Kweli alichaguliwa. Lakini walijuaje? Waliambiwa na Nabii wao, aliyekuwa anapokea wahyi, na wakapewa na alama. Sasa Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) ndiye wa mwisho. Baada yake wahyi umefungwa. Mtu akisimama leo akasema Allah amemchagua fulani, muulize kwa upole swali la Hubab: hilo ni wahyi au ni rai yako? Akisema ni wahyi, amejitia kwenye hatari kubwa. Akisema ni rai, basi aseme "mimi nampenda fulani", na amwache Mwenyezi Mungu asimsemee.

*Masahaba walifahamu*

Mtume (s.a.w.) alipofariki mwaka wa 11 Hijria, Waislamu walimpa bai'a Abubakar Siddiq (r.a.). Huyu ni mtu aliyekuwa naye pangoni, mbora wa umma huu baada ya Mtume wake. Hotuba yake ya kwanza imepokelewa kwamba aliwaambia watu kuwa amepewa uongozi juu yao naye si mbora wao. Akifanya vyema wamsaidie, akikosea wamnyooshe. Na wamtii maadamu yeye anamtii Allah na Mtume wake, akiasi hana haki ya kutiiwa.

Imepokelewa pia kwamba mtu mmoja alimwita khalifa wa Allah, naye akalikataa jina hilo. Akasema yeye ni khalifa wa Mtume wa Allah, na hilo linamtosha. Subhanallah! Anayestahiki sifa anaikimbia. Haikupita miaka mingi, katika zama za Bani Umayya, jina lile lile alilolikataa Abubakar likapigwa chapa kwenye sarafu za Abdulmalik bin Marwan, karibu na mwaka wa 75 Hijria. Watawala walipokuja kuona raha kujiita hivyo, walijitokeza na watu wa kuwatetea kuwa kila wanachofanya ni kadari ya Allah. Dhuluma ikifanyika, ni kadari. Mali ya umma ikiliwa, ni kadari. Kadari ambayo tumeamrishwa kuiamini ikageuzwa pazia la kufichia madhambi.

*Madhara yake kwetu*

La kwanza, tunanyamazishwa. Zahanati haina dawa, mama anaambiwa akanunue mwenyewe glavu za kujifungulia. Watoto wanakaa chini darasani. Mtu akiuliza fedha zimekwenda wapi, anaambiwa unapingana na aliyewekwa na Mungu. Swali la hesabu limegeuzwa kuwa kosa la dini! Na Mtume (s.a.w.) alimwambia Abu Dharr (r.a.) kuwa uongozi ni amana, na siku ya Kiyama ni hizaya na majuto, ila kwa aliyeuchukua kwa haki yake na akatekeleza linalompasa. Amana huulizwa. Ukimwachia mtu ng'ombe wako akuchungie, humuulizi maziwa?

La pili, utiifu unavuka mpaka. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Ali (r.a.) kuwa Mtume alituma kikosi na akawapa amiri mmoja wa Kiansari, akawaamuru wamtii. Njiani yule amiri akakasirika. Akawaamuru wakusanye kuni, wawashe moto, kisha waingie ndani. Wakatazamana. Wakasema, sisi tulimkimbilia Mtume ili tuepukane na moto! Wakabaki hivyo mpaka moto ukazimika na hasira zake zikapoa. Habari ilipomfikia Mtume akasema lau wangeingia wasingetoka humo, kwani utiifu ni katika mema tu. Angalieni: amiri yule aliwekwa na Mtume mwenyewe, na bado haikuwa halali kumfuata motoni. Vijana wangu, anayekwambia umrushie jirani mawe kwa ajili ya kura, au umtukane mama wa mwenzako kwenye simu, anakuwashia moto. Usiingie.

La tatu, tunaanza kuona miujiza. Mvua ikinyesha siku ya mkutano, eti baraka za mheshimiwa. Jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (s.a.w.), na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Mtume, akiwa katika huzuni ya kufiwa na mwanawe, aliwasahihisha kuwa jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Allah, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Kama jua halikupatwa kwa ajili ya mtoto wa Mtume, mvua ya masika itanyesha kwa ajili ya mgombea?

*Futari za waheshimiwa*

Tuseme na hili, maana ndio msimu wake. Mwezi huu waheshimiwa wanaalika watu kufuturu, wanaleta tende, mchele na sukari. Kumfuturisha aliyefunga kuna ujira mkubwa, na anayetoa kwa ajili ya Allah tunamwombea alipwe. Kuleni, shukuruni, mwombeeni dua. Lakini dua yenyewe iwe dua: Allah amwongoze, ampe uadilifu, ampe washauri wema, amsaidie kuibeba amana. Isigeuke kuwa kampeni yenye "Amin" mwisho wake. Sahani ya pilau isitununulie ndimi zetu, na mimbari ya Mtume isiwe jukwaa la mtu. Atakayekuja msikitini kwetu, awe mkubwa kiasi gani, karibu sana, atakaa safu atakayoikuta.

Wala asinielewe mtu vibaya. Sisemi tuwatukane viongozi, wala tuvunje sheria, wala tufanye fujo. Suratun Nisaa, aya ya 59, imetuamrisha kuwatii wenye mamlaka. Wanazuoni wamezingatia kuwa neno "mtiini" limetajwa kwa Allah, likarudiwa kwa Mtume, lakini halikurudiwa kwa wenye mamlaka. Utiifu wao umefungwa kwenye utiifu wa Allah na Mtume, haujitegemei. Kwa hiyo kiongozi tunampa heshima yake, tunalipa kodi, tunafuata sheria, na tunamnasihi kwa adabu. Kumwabudu hatumwabudu.

*Kazi ya leo*

1. Kabla hujasambaza ujumbe unaosema fulani ameteuliwa na Mungu, simama. Jiulize: hili ni wahyi au ni rai?

2. Kama kuna ndugu yako mmekosana kwa siasa, mpigie simu leo kabla ya Magharibi, umwalike futari. Mgombea uliyemgombania pengine hata jina lako halijui. Ndugu yako ndiye atakayekubeba jeneza.

3. Kikiitishwa kikao cha mtaa au cha kijiji, nenda. Uliza kwa adabu. Hubab aliuliza, na jeshi likahamia mahali bora.

Ewe Mola wetu, tupe viongozi wanaokuogopa, na tuepushe na kuwaogopa wao kuliko Wewe. Waongoze walio madarakani wawe waadilifu, na utuongoze sisi tuwe wakweli kwao. Zitakabali funga zetu, wasamehe wazazi wetu, na utufikishe kwenye kumi la mwisho tukiwa na afya na imani. Amin.

Tukutane kesho in shaa Allah. Leo baada ya Tarawehe tutakuwa na darasa fupi la Badr, kina mama sehemu yenu ipo kama kawaida.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.