Niwekee Zote

Kijana anayerusha nyimbo pale stendi ya Shelui wiki hii alikataa kuniuzia albamu. Nilimpa flashi nikamwambia aniwekee The God Son ya Marioo, yote, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Akanitazama kwa huruma. "Mzee wangu, zote za nini? Nakuwekea kali tu. Hizo nyingine zinakujazia flashi bure."

Nikang'ang'ania. Ndipo akafunguka kwamba hizo nyingine hata hanazo. Alishazifuta, maana hakuna anayeziulizia. Kwenye kompyuta yake kuna folda ya singeli, folda ya injili, folda aliyoiandika "Wazee" na nyingine "Madereva", na wasanii wote wamekatwakatwa humo kama nyama ya mishikaki. Nikaondoka na nyimbo nne za Marioo, pamoja na nyongeza ya singeli ambayo sikuiomba.

Kijana mwenyewe simlaumu. Wateja wake ni madereva na utingo wa malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Mtu anayeupanda mlima wa Sekenke saa nane usiku na kontena mgongoni hana haja ya kujua wimbo wa sita umefuataje wa tano. Anachotaka ni asisinzie. Huyo mpe kali tupu, afike salama.

Ninaowalaumu ni sisi tusioendesha lori. Tumekaa sebuleni, muda tunao, bundle tunalo, na bado tunasikiliza muziki kama mtu anayekimbizwa. Msanii akitoa wimbo mmoja kwa mwaka tunasema kapotea. Akitoa albamu tunasema katoa nyingi mno, kachuja, angetulia kidogo. Marioo alianza kwa kuwatungia wenzake kabla sauti yake haijajulikana. Mwishoni mwa 2022 akatoa The Kid You Know, na mwishoni mwa 2024 akaja na hiyo The God Son, na katikati hakunyamaza. Kwa fundi mwingine yeyote tungesema mtu huyu anapenda kazi yake. Kwa mwanamuziki tunasema ana pupa.

Hebu tumtazame Mbaraka Mwinshehe. Akiwa Morogoro Jazz, na baada ya kuihama mwaka 1973 akaunda Super Volcano, yule bwana alitunga kama anayejua muda wake ni mfupi. Alifariki Mombasa kwa ajali ya gari Januari 1979, hajatimiza miaka 35. Enzi zake nyimbo zilitoka kwenye santuri ndogo, mmoja upande huu, mwingine upande wa pili. Wimbo ukiwa mrefu unakatwa katikati, unanyanyuka kugeuza santuri ndipo usikie mwisho wa kisa. Albamu nyingi tulizonazo za Mbaraka, kama ule mfululizo wa Ukumbusho uliotolewa na Polygram ya Kenya, zilipangwa na watu wengine yeye akiwa kaburini. Mpangilio wa mkono wake mwenyewe, aanzie wapi na amalizie wapi, ningetoa mbuzi kuusikia. Marioo anatupa mpangilio wake akiwa hai, nasi tunaufuta ili flashi isijae.

Kuna jirani yangu, mchimbaji wa siku nyingi huko Sekenke, ambaye hoja yangu aliicheka. Sekenke inachimbwa dhahabu tangu enzi za Wajerumani, na watu wa huku mambo yote wanayapima kwa mawe. "Wewe," akaniambia, "unapeleka mawe kwenye karasha, yanasagwa, unaosha, unachukua dhahabu, mengine unaacha. Nani anabeba mawe yote kwenda nayo nyumbani?"

Jibu zuri, ila alisahau marudio. Ule mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao mchimbaji anauona takataka, hautupwi. Anakuja mwenye mtaji, anaununua, anaupeleka kwenye plenti yake, anauchenjua upya, na anatoka na dhahabu ambayo pengine inazidi hata ya aliyechimba. Nilipomkumbusha hilo alinyamaza, kwa sababu ameuza marudio maisha yake yote, na kila mara akilalamika kwamba kapunjwa.

Nyimbo zisizoulizwa ndizo marudio ya mtungaji. Sisemi zote ni nzuri. Baadaye niliisikiliza albamu yote kwa simu ya binti yangu, na zipo nilizotamani ziishe. Lakini ule wimbo unaotamba baa unakuonyesha Marioo anachojua wewe unakitaka. Ule unaokuchosha mara ya kwanza ndio mara nyingi unakuonyesha yeye anataka nini.

Tena kuna visa ambavyo ukivikata vinakufa. Professor Jay alipotoka kundi la Hard Blasters akatoa Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, kila mtu aliishika Ndio Mzee, yule mgombea na ahadi zake. Wengi waliishia hapo wakicheka. Lakini kisa hakikuishia hapo. Kiliendelea katika Kikao cha Dharura, kikaja kufika Nang'atuka. Mwenye Ndio Mzee peke yake amebaki na kichekesho, hajui kuwa mwenzake alikuwa anaandika habari nzima ya madaraka, kwa miaka, albamu hadi albamu. Halafu mwaka 2015 mtunzi mwenyewe akachaguliwa mbunge wa Mikumi! Ukisikiliza mfululizo ule kwa utaratibu wake, ukijua aliyeutunga alikuja kukaa bungeni miaka mitano, unacheka kicheko kingine kabisa.

Najua nitaambiwa mimi ni mzee wa kaseti, kwamba dunia imebadilika, kwamba sasa ni wimbo mmoja mmoja na kideo chake. Pengine. Ila wanaosema hivyo ndio hao hao wanaotazama tamthilia sehemu arobaini usiku kucha, na hawaruki hata moja. Kwa hiyo uvumilivu tunao, tunachagua tu nani wa kumpa.

Mimi nadai mtungaji apewe saa moja. Albamu yake mpya ichezwe yote, kwa mpangilio alioupanga, mara moja tu, simu ikiwa kifudifudi mezani. Baada ya hapo mseme amechuja, nami nitawasikiliza.