Zaburi Iliyoishia Mlangoni

Masomo: Yeremia 7:1–15, Zaburi 132:11–18

Ni mara chache Mungu huwatuma watu wake wakatembelee mahame. Katika Yeremia 7 anawatuma. Nabii amesimama langoni pa nyumba ya BWANA, waabudu wanapita mbele yake kuingia ibadani, naye amepewa neno gumu: wasiyategemee maneno ya uongo wanayoyarudia hata mara tatu, kwamba hapa ndipo hekalu la BWANA. Kisha, kwenye mstari wa 12, wanaambiwa wafunge safari. Waende Shilo, mahali Mungu alipoliweka jina lake hapo kwanza, wakatazame alivyopafanya kwa sababu ya uovu wa watu wake.

Shilo hapakuwa mahali padogo. Hema ya kukutania ilisimama pale. Hana alilia pale mpaka Eli akamdhania kuwa mlevi, na Samweli mtoto aliitwa kwa jina lake pale, usiku, taa ya Mungu ikiwa bado inawaka. Siku za Yeremia palikuwa pamebaki ukiwa. Mungu anawaambia: nendeni mkaone, kisha mniambie kama jengo linaweza kuwaokoa.

Naisoma sura hii kwa uzito zaidi tangu nilipofika Elmina, mji wa wavuvi kwenye pwani ya Ghana ambao wenyeji wanauita Edina.

Elmina kuna ngome mbili. Ile kubwa, São Jorge, imekaa juu ya mwamba, bahari ya Atlantiki upande mmoja na hori la Benya upande wa pili, mahali ambapo mashua za wavuvi zilizopakwa rangi kali hupanga foleni. Ile ndogo iko juu ya kilima cha St. Jago, inaitazama kubwa kama mtu anayechungulia uani kwa jirani. Wareno walijenga São Jorge kuanzia mwaka 1482, wakiongozwa na Diogo de Azambuja, kwa mawe mengine yaliyochongwa kwao na kuletwa kwa meli. Dhahabu ndiyo iliyowaleta. Juu ya kilima waliweka kanisa dogo la Mtakatifu Yakobo, na jina la kilima limetokana naye.

Mwaka 1637 Waholanzi walishuka nchi kavu, wakaburuta mizinga yao mpaka juu ya kilima hicho, wakaanza kuipiga ngome kutoka mahali ambapo kuta zake hazikuweza kuikinga. Haukupita muda Wareno wakasalimu amri. Baadaye washindi, kwa kuwa walijua fika walivyoingia, wakajenga ngome ya pili pale kilimani ili adui mwingine asiitumie njia ileile. Ukisimama leo juu ya kuta zake unaona uwanja wote wa ngome kubwa chini yako, wazi kabisa. Mhubiri anaweza kuichukua Zaburi ya 127 akahubiri papo hapo kwamba BWANA asipoulinda mji, mlinzi anakesha bure. Atakuwa amesema kweli. Ila nadhani hayo si mahubiri ya mahali hapa, maana yanatufanya tuwahurumie walioipoteza ngome na kuwasahau waliofungwa ndani yake.

Basi tushuke kilimani.

Katikati ya uwanja wa São Jorge lipo jengo lililokuwa kanisa la Wareno. Waholanzi, Waprotestanti wafuasi wa Calvin, hawakutaka kusali walimosali Wakatoliki. Waliliondolea kazi ya ibada, wakatenga chumba cha ibada yao wenyewe ndani ya ngome, orofa ya juu. Walibadilisha mengi, kuanzia mafundisho na liturujia mpaka lugha ya sala. Vyumba vya chini havikubadilika isipokuwa kwa kuzidi kujaa, kwa sababu biashara ya watu ndiyo iliyoishika Elmina wakati wao, nao waliiendesha hapo mpaka walipoipiga marufuku mwaka 1814. Hesabu yake ni zaidi ya miaka 170.

Uko uwanja mdogo walikofungiwa wanawake. Vyumba vyake ni vya giza, milango ni mifupi, unainama kuingia. Sakafuni uwanjani kuna tufe zito la chuma, na waongozaji wanaeleza kuwa mwanamke aliyekataa kutii alifungwa hapo kwa mnyororo juani. Inua macho, utaona roshani ya gavana. Kutoka pale aliwatazama wanawake na kuchagua. Upande wa baharini kuna upenyo mwembamba ukutani, unaotosha mtu mmoja kupita kiubavu kuelekea kwenye mashua. Aliyepita hapo hakurudi.

Na juu, kwenye mlango wa chumba cha ibada cha Waholanzi, kuna ubao wenye maandishi yaliyotoka katika Zaburi ya 132: kwamba Sayuni ndipo mahali pa raha ya Bwana, ndipo makao yake hata milele.

Nilikaa mbele ya mlango ule muda mrefu kuliko mahali pengine pote mle ndani. Waliouweka huo ubao walikuwa watu waliosoma Biblia na kuijua zaburi kwa moyo. Hawakuwa wapagani waliolikopa jina la Mungu. Jumapili waliingia hapo, wakaomba, wakaimba, wakasikiliza neno. Sidhani wote walikuwa wanaigiza. Wengine, nadhani, waliamini kwa dhati kwamba mbali na kwao, katika pwani ya homa na vifo, Mungu alikuwa amekaa pamoja nao katika chumba kile. Hilo ndilo linalonitisha.

Sasa fungua zaburi yenyewe. Maneno ya mlangoni ni ya mstari wa 14. Mstari wa 15 unafuata papo hapo, katika pumzi ileile ya Mungu, naye anasema atakachofanya katika makao hayo: atavibariki vyakula vya Sayuni, na maskini wake atawashibisha. Ukirudi nyuma mpaka mstari wa 12 utakuta sharti, kwamba wana wa Daudi watakaa katika kiti cha enzi wakilishika agano. Makao ya Mungu yamewekwa kati ya agano linaloshikwa na maskini anayeshiba. Ubao wa Elmina ulichukua raha ya Mungu ukaiacha njaa ya maskini, wakati hao maskini walikuwa ndani ya kuta zizo hizo, wamefungiwa.

Yeremia angeusoma ubao ule kwa urahisi. Langoni pa Yerusalemu aliwataja watu watatu ambao ibada haiwezi kuwaruka: mgeni, yatima na mjane, kisha akataja damu isiyo na hatia. Halafu akasema lile neno ambalo Bwana wetu Yesu alilirudia alipopindua meza za wabadili fedha, la pango la wanyang'anyi. Tuliangalie vizuri. Mnyang'anyi haibi pangoni. Anaiba barabarani, kisha pangoni ndiko anakorudi kupumzika na kujiona salama. Mungu analalamika kwamba nyumba yake imefanywa kuwa mahali pa kupumzikia baada ya dhuluma, watu wanaingia, wanasema tumepona, kisha wanatoka kwenda kuyafanya yaleyale.

Yupo mtu mmoja wa ngome hii ambaye siwezi kumpita. Jacobus Capitein alikuwa mtoto wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani akiwa mdogo, akapelekwa Uholanzi, akabatizwa, akasoma theolojia katika Chuo Kikuu cha Leiden. Mwaka 1742 alitetea hadharani, kwa Kilatini, hoja kwamba utumwa haupingani na uhuru wa Kikristo. Kanisa la Uholanzi likamwekea mikono, naye akarudi Elmina mwaka uleule akiwa mchungaji wa ngome. Alifungua shule ya watoto. Akaifasiri Sala ya Bwana kwa Kifante. Alikufa mwaka 1747, akiwa na umri wa miaka thelathini hivi.

Wengine humtaja kwa hasira tu. Mimi naona uchungu kwanza. Kijana aliyevuliwa wazazi wake alifundishwa na waumini wema, waliompenda kwa namna yao, kwamba minyororo ya miili ya wengine haimhusu Kristo, akaipokea hoja hiyo kuwa ndiyo elimu. Hoja ilikuwa ya uongo, na waliomfundisha watatoa hesabu yake. Lakini kwa mkono wake huohuo ombi la mkate wa kila siku liliingia katika lugha ya wenyeji, ndani ya nyumba iliyoukatiza mstari wa mkate. Neno la Mungu halikukubali kufungiwa orofani.

Kwetu Afrika Mashariki tunalo Kanisa Kuu la Anglikana pale Mkunazini, Unguja, lililojengwa penye soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, ujenzi ukaanza, na mapokeo yanasema altare imesimama ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Mpangilio huo una toba ndani yake: dhuluma iliondolewa, ndipo altare ikawekwa. Elmina vyote viwili vilifanya kazi siku moja, chini na juu. Hata Elmina yenyewe, kilima kingine leo kina kanisa la Mtakatifu Yosefu, tunda la mapadre wamisionari waliofika mwaka 1880, na halina vyumba vya kufungia watu chini yake.

Swali ambalo kila mwamini huuliza ndani ya ngome ile ni hili: Mungu alikaa wapi? Maandiko hayatuachi gizani. Kristo katika Mathayo 25 anajitambulisha na mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa na mfungwa. Wote hao walikuwa chini. Wale wa orofani walikuwa na Biblia, na Bwana mwenyewe alikuwa amefungiwa uwanja wa wanawake.

Mpendwa msomaji, usiwatupie neno hili Waholanzi peke yao. Nyumba nyingi za waumini kwetu zina mtu wa chini. Ni binti wa miaka kumi na sita aliyeletwa kutoka kijijini, anayeamka saa kumi alfajiri, anawavisha watoto wa mama mwenye nyumba nguo za kanisani, anabaki jikoni kukatakata vitunguu vya pilau wakati familia nzima inaimba kwaya, na mshahara wake wa miezi mitatu "unatunzwa". Ni mlinzi wa usiku wa kanisa ambaye fungu lake hukosekana kila mwezi, ingawa la vipaza sauti vipya halikukosekana. Ni mzee wa kanisa anayewapeleka mabinti Ghuba kufanya kazi za ndani, akijua pasipoti zitakavyochukuliwa, na sadaka yake ya shukrani inapokelewa kwa vigelegele. Ukutani kwetu pia kuna mistari mizuri, imewekewa fremu, inayosema Bwana yu ndani ya nyumba hii.

Somo la Yeremia halitutaki tuishushe mistari hiyo. Linatutaka tutengeneze njia zetu, na mstari wa 7 unaahidi kwamba tukifanya hivyo Mungu atatukalisha mahali hapa. Ahadi hiyo bado ipo. Kwa hiyo wiki hii kaa na yule anayekutumikia, muulize anadai nini, umsikilize mpaka mwisho. Mpe Jumapili yake. Na kama umeshikilia mshahara wa mtu, mlipe Jumamosi, kabla hujaja kusali.