Raha ya Mtazamaji

Wasafiri wengi wanaorudi kutoka Bangkok huja na neno moja mdomoni: mji ule umechangamka. Hulisema kwa furaha, kisha huanza kuhesabu waliyoyaona: mashua, bajaji, masoko ya usiku, moshi wa nyama ya kuchoma, umati wa watu usiokwisha. Nami nimelisikia neno hilo mara nyingi, hata nikaanza kulitilia shaka.

Kuchangamka, katika Kiswahili chetu, ni hali ya mtu. Mtoto aliyepona homa huchangamka. Mgonjwa akikubali uji, tunawaambia jirani kwamba leo amechangamka kidogo. Sasa tunapolichukua neno hili kutoka kwa mtu tukaupa mji, inafaa tuulize ni nani hasa aliyechangamka. Je, ni yule anayekaanga tambi saa saba usiku kando ya barabara ya Yaowarat, mtaa wa Wachina, au ni yule anayepita akimtazama?

Hilo ndilo swali linalonisumbua. Je, ni haki mtu kuzifurahia pilikapilika ambazo kwa mwenzake ni kazi, na pengine ni taabu? Sisemi kuzizoea wala kuzivumilia. Nasema kuzifurahia, yaani kuzifanya tamasha, na kulipa nauli ya ndege ili kwenda kuziona.

Mimi nilifika Bangkok Novemba 2018, nikikaa siku tisa. Nilikuwa nimemsindikiza dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye ana duka la nguo Kariakoo. Wafanyabiashara wetu waliijua njia ya Bangkok tangu miaka ya 1990, kabla wengi wao hawajageukia Guangzhou, na dada bado hufuata nguo za watoto katika maduka ya jumla ya Pratunam. Yeye alitoka asubuhi na daftari na kikokotoo. Mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kubeba mizigo siku mbili za mwisho tu, nilibaki na mji mzima wa kutazama. Jioni tulipokutana nilimsimulia niliyoyaona. Alinisikiliza huku akivua viatu, kisha akasema, "Mdogo wangu, wewe unaangalia, mimi nahesabu."

Nilicheka wakati ule. Lakini kauli yake iligawa safari yetu sawasawa kama kisu. Tulipita mitaa ileile. Yeye aliona dazeni, kilo, rangi inayochuja na isiyochuja. Mimi niliona mji umechangamka.

Na kwa kweli kuna mengi ya kuona. Ukitaka kuujua mji ule usikae ndani ya teksi, panda mashua katika mfereji wa Saen Saep. Mfereji huo ulichimbwa karne ya 19, na mashua za abiria hupita humo kwa kasi utadhani zinafukuzwa. Maji yake ni meusi na yananuka. Kila mashua mbili zinapopishana, abiria walioketi pembeni huvuta kamba na kupandisha turubai la plastiki ili wasirushiwe maji, kisha huliteremsha, bila hata kuinua macho kutoka kwenye simu zao. Kondakta wa kike huyu hapa: amevaa kofia ngumu kama ya mwendesha pikipiki, anatembea nje ya mashua, juu ya ubao mwembamba wa ukingoni, mkono mmoja umeshika kamba, mwingine unapokea nauli na kuchana tiketi. Chini yake maji yanachemka. Nilimtazama kwa mshangao na, nikiri, kwa raha kubwa. Wazungu wawili waliokuwa mbele yangu walimpiga picha. Yeye alikuwa akitafuta chenji.

Kuna watakaoniambia kwamba raha ile haina dhara. Kondakta hakupungukiwa na kitu kwa kutazamwa. Hoja hiyo ina nguvu, wala siipuuzi. Zaidi ya hayo, sina ushahidi kwamba yeye mwenyewe haipendi kazi yake. Nilimwona mama mmoja, karibu na hoteli yetu, akitwanga saladi ya papai bichi katika kinu, kwa mchi, kama bibi zetu wanavyotwanga kisamvu. Mchi ulipiga kwa mahadhi, mkono wa pili ukigeuza kwa mwiko, pilipili, ndimu, karanga, kila kimoja kwa wakati wake, naye alijua kabisa kwamba tunamtazama. Aliongeza madoido kidogo. Je, nimwambie kwamba ananyonywa na macho yangu? Hiyo nayo ingekuwa dharau. Anayemhurumia mtu asiyeomba huruma amemgeuza picha vilevile, isipokuwa amebadilisha fremu.

Kwa hiyo siwafuati wale wanaosema kwamba mtalii mwema ni yule anayetembea akiona haya. Haya haimlipii mtu chakula chake. Lakini pia siwezi kuwafuata wanaosema kutazama si kitu, kwa sababu Bangkok yenyewe imewahi kuonyesha kwamba macho ya wageni yana uzito, na uzito huo huangukia migongo ya watu.

Baada ya jeshi kutwaa madaraka nchini Thailand mwezi Mei 2014, wakuu wa jiji walianza kuwaondoa wachuuzi kando ya barabara, mtaa baada ya mtaa. Mwaka 2016 ilifika zamu ya wale waliopanga maua nje ya soko la Pak Khlong Talat, karibu na mto Chao Phraya. Mwaka 2017 habari zikaenea kwamba vyakula vya barabarani vitapigwa marufuku mji mzima. Hapo dunia ikapiga kelele. Magazeti ya nje yakaandika, wapenzi wa Bangkok wakasikitika, na wakuu wakalazimika kufafanua: Yaowarat na Khao San zitaachwa, maana hizo ni mitaa inayopendwa na watalii.

Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Mchuuzi wa Yaowarat alibakizwa kwa sababu anatazamwa. Mwenzake aliyekuwa akiuza wali na mchuzi kwenye uchochoro nyuma ya ofisi, akiwalisha makarani, walinzi na mafundi wa ujenzi kwa bei wanayoimudu, hakuwa na mtazamaji wa kumlilia. Haki yake ya kukaa pale ilikuwa ndogo kuliko ya mwenzake, si kwa sababu chakula chake kilikuwa kibaya, wala si kwa sababu aliziba njia zaidi, ila kwa sababu hakuna mgeni aliyempiga picha. Basi raha ya mtazamaji ilimwokoa mmoja na kumwacha mwingine, na mtazamaji mwenyewe hakujua. Alikuwa ameshapanda ndege.

Karibu na hekalu la Mlima wa Dhahabu niliona jambo jingine. Bangkok ilipofanywa mji mkuu mwaka 1782 ilizungushiwa ukuta wenye ngome 14, na leo zimebaki mbili. Moja ni ngome ya Mahakan. Nyuma ya ukuta wake, kwenye kipande kati ya ngome na mfereji, palikuwa na nyumba za mbao na watu waliokaa humo vizazi kadhaa, wengine wakitengeneza matundu ya ndege kwa mikono yao. Tangu mwaka 1992 jiji lilitaka kiwanja hicho kiwe bustani. Wakazi walikataa, wakaenda mahakamani, wakasaidiwa na wanazuoni, wakajitolea hata kuutunza ukuta wenyewe. Walidumu miaka 25 na ushei. Wa mwisho walitoka Aprili 2018.

Mimi nilifika pale miezi saba baadaye. Nilikuta majani mabichi, miti mikubwa, na ukuta mweupe unaopendeza sana kuutazama. Mandhari ile imesafishwa kwa ajili ya mtu asiyekaa pale, anayekuja dakika kumi, akavutiwa, akaondoka. Yaani kwa ajili yangu. Hakuna aliyeniuliza kama ninaitaka, lakini mimi ndiye niliyekusudiwa. Niliketi kivulini, na kivuli kilikuwa kizuri.

Wala tusijidanganye kwamba haya ni ya Wathai peke yao. Oktoba 2021, wamachinga walipoondolewa kandokando ya barabara za Dar es Salaam, nilisikia maoni ya aina mbili katika daladala. Wa kwanza walisema mji umependeza, wa pili wakasema mji umepoa. Wote walikuwa wakizungumza juu ya sura. Aliyetaja pale ambapo mama muuza mihogo amekwenda alikuwa mmoja tu, tena alikuwa mteja wake.

Nikirudi kwenye safari: siku ya tano nilikuwa nikitembea kando ya barabara moja ya Pratunam, jioni, wachuuzi wakianza kufika na vigari vyao. Kigari cha chakula cha Bangkok si kitu chepesi. Kina mtungi wa gesi, sufuria la mchuzi, barafu, meza zinazokunjwa, viti vya plastiki na mwavuli, vyote juu ya magurudumu madogo. Mama mmoja alikwama kwenye ukingo wa barabara. Alinitazama, akanionyesha gurudumu kwa kidevu, basi. Hakutabasamu wala hakuomba. Niliinama nikasukuma. Kwa muda ule, ambao haukuzidi dakika mbili, mji wote ulitoweka. Hapakuwa na taa, hapakuwa na harufu, hapakuwa na umati. Palikuwa na gurudumu, ukingo, na mchuzi usimwagike. Kigari kilipopanda, alitikisa kichwa mara moja na kuanza kufungua mwavuli. Nikainuka, nikajipangusa mikono, na mara mji ukarudi, umechangamka kama ulivyokuwa.

Tangu siku ile nashikilia jambo moja, na asiyekubaliana nami ana ruhusa. Pilikapilika haziko barabarani kama vile miti ilivyoko. Ziko katika jicho la asiyekuwa na kazi mahali pale. Aliyemo ndani yake haoni pilikapilika, anaona gurudumu. Dada yangu hakuziona kwa siku tisa, na si kwa sababu ni mtu mzito wa hisia, bali kwa sababu alikuwemo. Mgeni ni kuku mweupe, hujulikana kwa rangi yake, lakini nadhani hujulikana zaidi kwa mikono yake kuwa mitupu.

Mtaani Ban Krua, ng'ambo ya mfereji kutoka nyumba ya Jim Thompson, fikra hii ilinirudia kwa namna nyingine. Huyo alikuwa Mmarekani aliyeipatia hariri ya Thailand sifa duniani baada ya Vita Kuu ya Pili, kisha akapotelea milimani Malaysia mwaka 1967 asionekane tena. Nyumba yake, iliyounganishwa kutokana na nyumba kadhaa za kale, ni makumbusho, na wageni hupanga foleni. Wafumaji wa hariri ile ya mwanzo walikuwa Waislamu wa asili ya Kicham wanaokaa upande wa pili, na nyumba zao hazina foleni. Watu hao, mtakaposikia Bangkok ikisifiwa, mkumbuke kwamba walipigana miaka mingi hadi barabara ya juu iliyotaka kupita mtaani kwao ikashindwa. Nilimpa salamu mzee aliyekaa barazani karibu na msikiti. Aliitikia kikamilifu, akaniashiria nikae, halafu akanitazama. Watoto nao wakaja kunitazama. Mmoja aligusa nywele zangu akakimbia. Nilikaa pale kama tamasha dogo, na nitasema ukweli, sikuumia. Labda kwa sababu yule mzee alinitazama bila haraka, na alikuwa na siku nzima ya kuendelea kuwapo.

Kila siku saa kumi na mbili jioni, katika stesheni za treni ya juu, wimbo wa taifa hupigwa, na watu wote husimama walipo. Mara ya kwanza nilishtuka. Ule mto wa watu uligandishwa ghafla, mguu mmoja mbele. Kwa kuwa hakuna aliyetembea, niliweza kuona nyuso moja moja: kijana aliyebeba sare ya kazi ndani ya mfuko, mwanamke aliyefumba macho akiwa wima, mzee aliyeegemea mkongojo. Walikuwa wamechoka. Wimbo ukaisha, wakaanza kutembea, na uchovu ukafunikwa tena na mwendo.

Usiku wa mwisho tulifunga mizigo. Dada alikaa juu ya furushi ili nilikaze kamba, akawa anapitisha picha katika simu yangu ili kupoteza muda. Nyingi alizipita haraka. Alisimama kwenye moja, ya mama anayetunga makoja ya asumini nje ya hekalu, maua meupe yamejaa mapajani na kwenye sinia, mazuri mno, picha niliyokuwa nimeipenda kuliko zote. Aliikuza kwa vidole, akaisogeza chini, chini kabisa, akapita maua na sinia.

"Huyu miguu imemvimba," alisema. "Anakaa sana huyu."

Kisha akanirudishia simu na kuniambia nivute kamba upande wa kushoto.