Mtoto Mchanga Akitapika Nyongo, Tuulize Nini Kwanza?

Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua kosa ni la nani. Bwana wetu hakumhukumu yeye wala wazazi wake, bali alimponya. Huku kwetu Butembo na Beni swali lile halijafa. Mtoto akizaliwa na matumbo yaliyoziba, watu humgeukia mama: alimkosea nani? Nani amemroga?

Basi tujue mambo yalivyo. Mara nyingine utumbo huziba mtoto angali tumboni mwa mama. Mwaka 1955 waganga Louw na Barnard wa Cape Town walionyesha, kwa kujaribu juu ya watoto wa mbwa wasiozaliwa bado, kwamba damu isipofika kwenye kipande cha utumbo, kipande hicho hukauka na kuziba. (Barnard ndiye yule aliyepandikiza moyo wa mtu mwaka 1967.) Mara nyingine utumbo hujisokota kama kamba, au sehemu yake ya mwisho haina nguvu ya kusukuma choo, au tundu la nyuma halipo. Mkono wa jirani hauonekani hapo.

Mtoto akitapika majimaji ya kijani, tumbo likivimba, au choo cheusi cha kwanza kisipotoka mchana na usiku, tusingoje. Utumbo uliosokotwa huweza kufa kwa saa chache. Afunikwe apate joto, asipewe dawa ya miti, apelekwe hospitali mara moja. Kule wataingiza mpira puani kutoa nyongo, watampa maji kwa mshipa, watapiga picha ya tumbo, na mara nyingi watapasua.

Wengine husema: abatizwe, tumwachie Mungu. Ni kweli, penye hatari ya kufa mtu yeyote aweza kubatiza, hata njiani juu ya pikipiki. Lakini ubatizo si ruhusa ya kukaa nyumbani.

Iko shida nyingine, nayo ni nzito zaidi. Mwaka 1957 Baba Mtakatifu Pius XII aliwafundisha waganga kwamba mtu hulazimika kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, siyo zile zenye mzigo upitao kiasi, kwa kadiri ya watu, mahali na nyakati. Kwa mfanya biashara wa Butembo, kulipa mpasuo ni jambo la kawaida. Lakini baba aliyekimbia shamba lake upande wa Beni, ambako watu wengi wameuawa tangu mwaka 2014, atalipa na nini? Mimi naona hana hatia. Ila wajibu haufi pale alipochoka yeye. Unakuja kwetu, kwa maana mzigo unaomshinda mtu mmoja hauwashindi watu wa shirika zima. Mtoto akifa tunachanga upesi: mbao za sanduku, chakula cha wageni, hata kasiksi. Fedha zile zile, zikitolewa siku mbili mbele, zingelipa pikipiki na kitanda cha hospitali.