JE, MAMA ALIYEOMBEWA AKIRUDI HOSPITALINI AMEKANA IMANI?



Katika kurasa hizi tunataka kufikiri pamoja nanyi juu ya ulizo moja ambalo limetusumbua sisi mashemasi tangu mwaka uliopita. Ulizo lenyewe ni hili: mama mwenye mimba ameonyeshwa na mganga wa hospitali kwamba ana uvimbe ndani ya tumbo la uzazi. Kanisa limemwombea. Je, akirudi kupimwa tena, amekana imani yake? Wengi kati yetu wanajibu ndiyo. Zamani sisi pia tulijibu hivyo. Leo tunajibu hapana, na inafaa tueleze kwa nini tumegeuka, maana kugeuka kwetu hakukutoka katika vitabu. Kulitoka katika kosa letu wenyewe.

1. Jambo lililotokea kwetu

Kulikuwa na mama mmoja wa kanisa letu hapa Kibati. Jina lake hatulitaji. Alikuwa akiuza mashu na viazi kando ya barabara ya Rutshuru, na katika ndoa yake alikaa miaka 7 bila mtoto. Mwishowe akapata mimba. Ilipofika mwezi wa nne akashuka Goma kupimwa kwa ekografi, ile mashine inayoonyesha mtoto angali tumboni. Mganga akamwambia, mtoto yuko na moyo wake unapiga vizuri, lakini karibu naye kuna uvimbe mkubwa kama chungwa, ule ambao sisi kwa kufuata Kifaransa tunauita fibromu. Akaambiwa arudi kila mwezi atazamwe.

Alikuja kwetu akilia. Tulifunga siku tatu, tukamwekea mikono. Siku ya tatu neno likatoka katikati yetu kwamba uvimbe umekauka. Tulifurahi sana. Siku ya Mungu tukamsimamisha mbele ya kanisa, naye akasema, “Nimepona.” Ngoma zikalia, wamama wakapiga vigelegele. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza kama amepimwa.

Tangu siku ile hakurudi hospitalini. Mwezi wa tano maumivu makali yakamshika upande mmoja wa tumbo. Akajifungia nyumbani, akawaambia jirani kwamba ni malaria. Mwezi wa nane, usiku, damu ikaanza kutoka. Mume wake akatafuta pikipiki, akamfikisha Goma. Mtoto alikuwa amelala kwa kukingama, hawezi kupita. Wakampasua usiku ule ule. Mtoto alitoka mzima, lakini mama alipoteza damu nyingi, akalala hospitali siku 19.

Tulipokwenda kumtazama, tukamwuliza, “Mama, kwa nini ulinyamaza na maumivu yale yote?” Akajibu polepole, “Baba Shemasi, niliogopa kuwafanya ninyi waongo.”

Wandugu, neno lile lilituchoma. Mama huyu alibeba mimba, akabeba uvimbe, na juu ya hayo sisi tulimtwika heshima yetu. Kama angekufa, nani kati yetu angejibu mbele za Mungu?

2. Fibromu ni kitu gani?

Fibromu ni uvimbe unaoota katika nyama ya tumbo la uzazi. Si kansa, na ni mara chache sana waganga hukuta kansa mahali walipodhani ni fibromu. Inaweza kuwa ndogo kama punje ya mahindi au kubwa kama kichwa cha mtoto. Mama anaweza kuwa nayo miaka mingi bila kujua, mpaka siku ya kupimwa mimba.

Katikati yetu kuna maneno mabaya juu ya ugonjwa huu. Wanasema mama huyo alitoa mimba katika ujana wake, au amelogwa, au analipa deni la ukoo. Basi sikieni. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kati ya wanawake weusi 100, zaidi ya 80 huwa wamepata fibromu wanapofika miaka 50. Kwa wanawake weupe ilikuwa karibu 70 kati ya 100. Kama hii ni adhabu, ni dhambi gani hiyo ambayo wamama 80 katika 100 wameitenda sawasawa? Someni tena Yohane 9. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa majibu yote mawili. Sisi tunaokaa kwenye viti vya mbele kanisani mara nyingi bado tunauliza ulizo lile lile la wanafunzi.

Mimba nyingi zenye fibromu hufika mwisho wake vizuri. Lakini si zote. Wakati mwingine uvimbe unakosa damu ya kuulisha, nyama yake inaanza kufa, na mama anapata maumivu makali, hasa kuanzia mwezi wa nne na kuendelea. Ndivyo ilivyomfikia mama wetu, naye akayaita malaria. Wakati mwingine mtoto anakosa nafasi ya kugeuka vizuri, au kondo la nyuma linakaa mahali pabaya, au mama anazaa kabla ya wakati. Na baada ya kuzaa tumbo la uzazi linaweza kushindwa kujikaza, damu ikamwagika nyingi.

Sasa angalieni jambo hili, maana ndilo lililotufungua macho. Kwa kawaida mganga haondoi fibromu wakati wa mimba. Kufanya hivyo kungeweza kumwaga damu nyingi na kuharibu mimba. Hata anapopasua kumtoa mtoto, mara nyingi anaiacha pale pale. Yeye mwenye kisu mkononi anangoja! Anafanya kama kijana wa chukudu anayeshuka kutoka Kibumba na magunia ya makala. Katikati ya mteremko hatupi mzigo. Anakanyaga freni na kuangalia njia mpaka afike chini. Basi kama mganga mwenyewe anakubali kungoja miezi tisa, kwa nini sisi tulidai mama atuletee uponyaji katika siku tatu?

3. Tumaini na ushuhuda si kitu kimoja

Tumefikiri sana juu ya kosa letu. Hatukukosa kwa kuomba. Tungeomba tena leo. Kosa letu lilikuwa kuchanganya vitu viwili. Tumaini linasema, “Mungu anaweza, naye atanisaidia.” Ushuhuda unasema, “Nimeona.” Tumaini linatazama mbele, na mtu halali deni lolote kwa kulisema. Lakini ushuhuda ni neno la mtu aliyekuwapo, kama mbele ya hakimu. Mtu akishuhudia jambo ambalo hajaliona, hata kwa moyo mwema, amejiwekea mtego. Yale yajayo yakienda tofauti, itambidi ayafiche. Ndivyo tulivyomfanyia mama yule. Tulichukua tumaini lake tukalivika nguo za ushuhuda, kisha akalazimika kulilinda kwa mwili wake.

Ndugu mmoja alitupinga akisema kwamba Ibrahimu aliamini yasiyokuwako. Ni kweli. Lakini tusome vizuri Warumi 4. Paulo anatuonyesha kwamba Ibrahimu aliutazama mwili wake mwenyewe, akaona umezeeka na ni kama umekufa, na imani yake haikulegea. Hakusema, “Mimi si mzee.” Alijua hali yake, akaamini. Tena Bwana Yesu alipowaponya wenye ukoma aliwatuma waende wajionyeshe kwa kuhani, ambaye kazi yake katika sheria ilikuwa kuchungua ngozi. Aliyekuwa na uwezo wa kuponya hakuogopa kipimo. Basi sisi tunaogopa nini?

Na mtume Paulo mwenyewe aliomba mara tatu juu ya mwiba wake, nao haukuondoka. Hakuna mtu aliyemfukuza kanisani kwa sababu hiyo. Alipewa neema ya kuishi nao.

Sisi watu wa Kibati tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Tunalala chini ya Nyiragongo. Mlima huu ulipasuka mwaka 1977, ukapasuka tena mwaka 2002, na tarehe 22 Mei 2021 lava ilishuka usiku ikakata barabara yetu. Kila juma tunamwomba Mungu autulize. Lakini ni nani amewahi kusimama kanisani kusema kwamba mlima umeondoka? Tunaomba, na asubuhi tukitoka nje tunatazama moshi wake. Huko Goma wako watu ambao kazi yao ni kuusikiliza mchana na usiku, na hakuna anayewaita watu wasioamini. Mama mwenye fibromu anaishi na mlima wake tumboni. Mwacheni autazame.

4. Je, kisu ni kitu cha wageni?

Wako wanaosema kwamba hospitali ni njia ya wazungu, na kwamba kanisa lililotokana na manabii wa Afrika halina haja nayo. Tunajua mwaka 1921, nabii Simon Kimbangu alipoanza kuponya watu kule Nkamba, wengi waliacha vitanda vya hospitali wakamkimbilia. Lakini kanisa la Wakimbangu, lililotoka katika kazi ile, baadaye lilijenga hospitali na vituo vya afya vyake lenyewe. Halikuona kwamba linamkana nabii.

Tena kisu si cha wageni peke yao. Mwaka 1879 Mwingereza mmoja, Robert Felkin, alikuwa Kahura katika nchi ya Bunyoro, Uganda ya leo. Aliona mganga Mwafrika akimpasua mama aliyeshindwa kuzaa. Mganga alimnywesha mama pombe ya ndizi, akaosha kwa pombe mikono yake na tumbo la mama. Kabla ya kukata alipaza sauti, na watu waliosimama nje wakaitikia. Akamtoa mtoto, akazuia damu kwa chuma cha moto, akafunga kidonda kwa sindano za chuma. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona, mama na mtoto wako hai. Felkin aliandika habari hiyo mwaka 1884. Babu zetu walipaza sauti na walikata, yote mawili kwa siku moja.

Na karibu nasi, Bukavu, daktari Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, akapewa Tuzo la Nobeli la Amani mwaka 2018. Baba yake alikuwa pasta. Denis alipokuwa mtoto alifuatana naye kuombea wagonjwa, akashangaa kwamba baba yake anaomba bila kutoa dawa. Ndipo akapata wazo la kuwa mganga: baba aombe, naye atibu. Hakumwambia baba yake aache kuomba. Aliona kwamba kazi ile ina mikono miwili, na mkono mmoja ulikuwa bado haujapatikana.

5. Tuliyokubaliana

Sisi mashemasi tumekutana, tumetubu, na tumekubaliana mambo haya:

Kwanza, mama mwenye mimba hatasimamishwa kushuhudia uponyaji wa ugonjwa ambao haujapimwa tena. Tutamwombea kila juma, naye hatadaiwa neno lolote.

Pili, damu ikitoka, maumivu makali yakimshika, maji yakivunjika au mtoto akiacha kucheza, aende hospitali saa ile ile, asingoje ibada iishe. Dawa ya maumivu asijinunulie mwenyewe, maana nyingine, kama ibuprofeni, zinaweza kumdhuru mtoto miezi ya mwisho. Aulize kwanza.

Tatu, mama mwenye fibromu azalie mahali penye uwezo wa kupasua na kuongeza damu. Wandugu watatu au wanne wa jamaa na wa kanisa wajulishwe mapema kwamba huenda wakaitwa kutoa damu. Kufunga kula kwa ajili ya ndugu ni vizuri. Kumpa damu yako ni vizuri pia.

Nne, kapu la sadaka la mwisho wa mwezi litawekwa kwa ajili ya safari ya wamama hao, na mwezi wa mwisho watafutiwe mahali pa kulala Goma. Tunajua barabara hii. Mwaka 2008 wakimbizi wa vita walijaa hapa Kibati, mwaka 2021 ilikatwa na lava, na Januari 2025 vita viliingia Goma yenyewe. Usiku wa kuzaa si wakati wa kuanza kutafuta njia.

Mama yule alirudi kanisani mtoto akiwa na siku 40. Tulimwomba msamaha mbele ya watu wote. Hatukumwomba aseme lolote, lakini alisimama mwenyewe. Alisema, “Uvimbe bado uko, wamenipima. Mtoto huyu hapa. Na Mungu sikumkosa hata siku moja, ni ninyi tu niliowaogopa.” Kisha akaketi, akamnyonyesha mtoto.

Wandugu, mama asituogope tena. Bwana awabariki.

Shemasi wenu, Kibati