Watu Arobaini na Mmoja

Miaka miwili iliyopita niliwaumba watu arobaini na mmoja katika usiku mmoja. Ningewaumba katika hadithi, mhariri wa jarida hili angenipa mkono. Lakini niliwaumba ndani ya utafiti wa dada mmoja aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili ya usimamizi wa rasilimali watu, na tangu hapo swali moja linanikera: sisi tunaotunga watu kila siku na kujisifu kwa kazi hiyo, tunakuwa waongo lini?

Mimi ni mtu wa kidato cha sita, basi. Chuo nilikiona kwa dirishani, kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi nilikokuwa naganga njaa. Wateja wetu wakubwa walikuwa wanachuo wa uzamili, watu wazima wenye ajira, watoto na mikopo. Walikuja na sura ya kwanza wakicheka, wakaja na sura ya nne hawasemi na mtu. Kwa kuchapa tu nilishaijua ngoma yote: tatizo, waliyosema wengine, mbinu, matokeo, mapendekezo. Mapendekezo, bwana wee, karibu yote yalifanana: mwajiri aboreshe maslahi. Nikajiuliza kama kuna mwajiri asiyelijua hilo.

Dada huyu alikuwa afisa utumishi mahali fulani, na alitaka kujua kama wafanyakazi wa kiwanda kimoja wanaridhika na kazi yao na kama wana nia ya kubaki. Kiwanda kilikuwa na watu 150. Akafungua jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, ambalo watafiti hulitegemea kama mlevi na ukuta, likamwambia kwa watu 150 chukua 108. Akatunga dodoso la sentensi thelathini. Kila sentensi na visanduku vitano: nakubali kabisa, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa. Kipimo hicho kilitungwa na Mmarekani Rensis Likert mwaka 1932. Kwa kuwa dada hakuwa na likizo, alinipa mimi kazi ya kugawa na kukusanya, shilingi elfu mbili kwa kila dodoso litakalorudi limejazwa. Zingatia hayo maneno, “litakalorudi limejazwa”.

Kiwandani nilikaa siku nne. Supavaiza mmoja alijitolea kunisaidia kugawa, akawa anasimama nyuma ya watu wakati wanajaza. Unadhani walijaza nini? Mshahara, nakubali. Mahusiano na wakubwa, nakubali kabisa. Kijana mmoja aliweka tiki kwenye “sina hakika” kuanzia sentensi ya kwanza mpaka ya thelathini, akanirudishia bila kunitazama usoni.

Siku ya nne nilisimama getini zamu ilipotoka. Nikampa karatasi mama mmoja wa idara ya ufungashaji. Aliisoma yote, polepole.

“Mwanangu, hii inakwenda kwa nani?”

“Ya chuo, mama. Ni siri kabisa, hata jina huandiki.”

“Jina siandiki. Lakini jinsia naandika, umri naandika, idara naandika, miaka ya kazi naandika. Ufungashaji wanawake tuko wawili, na mwenzangu ndo kwanza kaajiriwa. Sasa siri iko wapi hapo?”

Sikuwa na jibu. Akaikunja ile karatasi mara mbili, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema nimsalimie huyo dada na amtakie masomo mema.

Nilirudi na madodoso 67. Yaliyobaki ni 41, sawa na shilingi elfu themanini na mbili, na kodi ya chumba ilikuwa imepita siku tisa. Usiku ule nilikaa kwenye mkeka na kalamu tatu za wino tofauti. Sitaki kudanganya, nilifurahi. Nilimuumba dereva wa foklifti mwenye watoto watano anayechukia Jumatatu. Nilimuumba msichana wa stoo anayesubiri barua ya kazi nyingine. Mkono wangu ulibadilika kwa kila mtu, mwingine anabonyeza tiki kwa hasira, mwingine kwa woga. Karatasi ya mwisho ilikuwa ile iliyokunjwa mara mbili. Nikajaza: mwanamke, miaka 46 hadi 55, ufungashaji, kazini zaidi ya miaka kumi. Na kwenye mshahara: sikubali kabisa.

Sasa hapa nilijitetea sana, na utetezi wangu haukuwa wa kijinga. Wale 67 wa kweli walisema uongo kwa sababu supavaiza alikuwa nyuma yao. Wale 41 wa uongo walisema mambo niliyoyasikia kwa masikio yangu kwa mama ntilie, pale wafanyakazi wanapokula bila kuogopa mtu. Nani basi yuko karibu na ukweli? Plato alitaka washairi watolewe katika dola lake kwa kuwa wanaiga tu mambo. Nikajisemea, mzee Plato angekaa siku nne pale kiwandani angeona wanaoiga ni akina nani.

Nilikaa na utetezi huo mpaka nilipochapa sura ya pili ya dada huyohuyo. Alikuwa anaeleza majaribio maarufu ya kiwanda cha Hawthorne cha Western Electric, karibu na Chicago, yaliyofanywa kati ya mwaka 1924 na 1932. Mwaka 1927 wasichana watano waunganishaji wa vifaa vya simu waliwekwa katika chumba chao wapimwe: mapumziko yakiongezwa inakuwaje, saa zikipunguzwa inakuwaje. Uzalishaji ukapanda, na dunia nzima ikafundishwa kwamba mfanyakazi akijaliwa hufanya kazi vizuri. Nikatafuta habari zaidi, nikakuta jambo ambalo dada hakuliandika. Januari 1928 wawili kati ya wale watano waliondolewa kwa kuwa walipiga soga na hawakuonyesha ushirikiano. Wakaletwa wengine wawili. Jaribio likaendelea, na hesabu ikabaki watano.

Nililisoma hilo nikaacha kuchapa. Hesabu ikabaki watano! Yule mama hakukosa kujibu. Kukataa kwake ndilo lilikuwa jibu la maana kuliko yote niliyopewa pale kiwandani, na halikuwa na kisanduku. Mimi nikalifuta, nikamwekea mdomoni maneno aliyoamua kuyameza kwa ajili ya mkate wake. Dereva wangu wa foklifti hayupo duniani, hawezi kudhurika. Mama yupo. Msomaji wa riwaya anajua tangu jalada kwamba anatungiwa. Lakini nakala ya tasnifu ile ilikuwa iende kwa mwajiri, ndilo sharti la kibali, na sura ya nne ilikuwa na jedwali la majibu kwa idara na jinsia. Ufungashaji, wanawake, sikubali kabisa: mmoja. Meneja angehitaji kidole tu kumfikia.

Neno “rasilimali watu” silipendi, lakini nitasema ukweli: aliyemtumia mama yule kama mbao ni mimi, mtunzi.

Nilimweleza dada kabla ya kufunga jalada. Alikaa kwenye kile kigoda chetu cha wateja muda mrefu. Halafu akauliza, “Nani mwingine anajua?”

“Mimi na wewe, dada.”

Tarehe ya kuwasilisha ilikuwa Ijumaa. Akizikosa zilikuwa ada za muhula mwingine, na mwajiri wake alishasema hampi ruhusa tena. Akaniambia nilifute lile jedwali la idara. Nikalifuta mbele yake. Na ile sentensi ya madodoso yaliyorudi, 108, asilimia 100? Alinitazama, nikamtazama. Tukaiacha. Alinilipa yote, hata yale 41, nami nikapokea nikalipa kodi. Kama alinilipa kazi au alininunulia ukimya, mpaka leo silijui, na wenzangu mnaoandika humu naomba mnijibu.

Mwezi uliopita nilikutana na mama kituo cha daladala. Nilimwamkia, akanikumbuka mara moja.

“Yule dada yako wa karatasi, alimaliza?”

“Alimaliza, mama. Alifaulu.”

“Afadhali,” akasema. “Mwambie nimempa hongera.”