Dada Aliyesimama Kando ya Mto

Andiko: Kutoka 2:1-10

Ukifika mstari wa 4, simama hapo kidogo, maana huwa tunaupita mbio. Mama ameshaweka kile kisafina kwenye majani ya mto. Amefanya aliloweza. Nani amebaki? Msichana, dada ya mtoto. Hana upanga wala pesa, anasimama tu kwa mbali aone mdogo wake atapatwa na nini. Na binti Farao anapokifungua kisafina, ni huyo huyo msichana anayejitokeza na neno la hekima, mtoto akarudi kwa mamake kunyonya. Sasa hesabu nami waliomlea Musa: mama, dada, na binti Farao ambaye hata hakuwa wa kabila lake.

Leo naomba niwapeleke Ziwa Tanganyika. Msishangae mchungaji akihubiri samaki, Ayubu 12:8 ametupa ruhusa. Huko kwenye mawe kuna samaki mdogo, urefu wa kidole tu, wa ukoo mmoja na tilapia tunayokula hapa kwetu. Wataalamu wanamwita Neolamprologus pulcher, na wamemchunguza tangu miaka ya 1980. Baba na mama hawalei peke yao. Watoto wakubwa hawaondoki upesi. Wanabaki kusafisha mayai kwa midomo, kuyapepea kwa mapezi, kuchota mchanga unaoziba maficho, na kumfukuza adui anayekuja kumeza vifaranga. Mama naye anapata nafasi ya kula. Na si ndugu wa damu pekee. Wengine wamo pale hawana undugu wowote na yale mayai, lakini wanayalinda!

Sisemi samaki ana upendo kama wetu, hapana. Waliochunguza wanaona ni kama kodi ya nyumba: msaidizi anapata ulinzi wa kundi, naye analipa kwa kazi. Akizembea anaweza kushambuliwa na wenyeji, hata kufukuzwa. Sasa wewe, nani anakudai kodi katika nyumba ya Mungu? Tumeingia bure, kwa neema! Ndiyo maana naogopa, maana aliyeingia bure huweza kukaa miaka 20 kwa benchi bila kuuliza mtoto wa mwenzake amekula nini.

Jambo moja lilinigusa sana. Pale ziwani kazi zinagawanywa kwa kimo. Wadogo zaidi ndio hasa husafisha mayai. Kuchimba mchanga na kupambana na adui ni kazi ya wakubwa.

Nina la kuungama. Mwalimu wa Shule ya Jumapili aliniambia kuna msichana analala darasani kila wiki. Nikasema ni uvivu, aambiwe alale mapema. Kumbe mamake yuko zamu ya usiku, na huyu wa miaka 10 ndiye anapika, anaogesha wadogo wawili, anafunga mlango, kisha anakaa macho mpaka alfajiri kwa sababu anaogopa. Wanaishi ploti ya tatu kutoka hapa kanisani. Napita hapo kila siku! Mamake nimemsalimia "Bwana asifiwe" pale mlangoni kwa karibu miaka miwili, na sikuwahi kuuliza watoto wanalala na nani. Tumekesha tukiombea vizazi, na mtoto alikuwa anakesha peke yake ng'ambo ya ukuta.

Sisi tulimpa mdogo kazi ya wakubwa. Tunapenda kumsifu mtoto wa aina hiyo: "Huyu ni mama mdogo, anajiweza." Mpendwa, hajiwezi. Hana mwingine, basi. Dada ya Musa alisimama kwa mbali, na hata yeye Biblia haisemi kwamba aliachwa hapo usiku kucha.

Mama huyo tumeongea naye, amekubali, na amenipa ruhusa niseme haya bila jina lake. Kina mama wawili wawili watalala na watoto siku za zamu, kwa mpango wa ushirika wetu wa kina mama. Chakula cha jioni familia za karibu zitapokezana. Pia tumesikia kuna nyumba nyingine mbili za namna hiyo. Kama moja ni yako, njoo uniambie au umwambie mama mchungaji, hatutaitangaza.

Daftari liko kwa meza ya mashemasi. Jumatatu na Ijumaa zimeshapata watu. Jumatano na Alhamisi bado ziko wazi.